Chatiplota, tableti na bunda la ramani kuukuu: nitegemee kipi usiku?

Mwanatanga:
Wakuu, salaam. Nimepata mashua ya tanga ya mita 9 na mwezi ujao nataka kufanya safari yangu ya kwanza ya usiku, maili kama 70 za baharini, nyingi zikiambaa pwani yenye miamba. Nina chatiplota (skrini ya ramani inayoonyesha chombo kilipo kwa GPS) karibu na usukani, tableti yenye programu ya ramani, na simu. Mwenye chombo wa zamani aliniachia bunda la ramani za karatasi, nyingine zimechapishwa kabla sijazaliwa. Rafiki mmoja ananiambia nizitoe, zinakula nafasi tu. Mwingine anasema asiye na karatasi asing'oe nanga. Nataka kusikia kwa wanaosafiri: kipi kinaaminika zaidi? Na nikiamini vibaya, nitaumia wapi?

Bildi:
Hilo la mwisho ndilo swali hasa, ndugu yangu, naanza nalo.

Wanaotetea karatasi hukimbilia habari ya umeme. Mimi umeme umenikatikia baharini mara mbili, na tableti imewahi kuzima kwa joto nilipoiacha juani. Mara zote nilijua papo hapo kwamba nimebaki bila ramani. Skrini nyeusi haimdanganyi mtu. Ninayoiogopa ni ile inayowaka vizuri.

Niliwahi kutia nanga kwenye ghuba moja, maji pima nne, chini mchanga. Nikatazama chatiplota: inaniweka juu ya kilima, kama mita 200 kutoka ufukweni. GPS haikukosea. Ramani iliyokuwa chini ya ile alama ya chombo ilitokana na upimaji wa zamani, wa watu waliojua mahali walipo kwa jua na nyota, na haikuwa imelinganishwa na WGS 84, mfumo wa kuhesabu mahali duniani ambao GPS hutumia. Mchana ule sikudhurika. Lakini ghuba ile ile ningeiingia usiku nikifuata alama, ningepanda mwamba huku skrini ikisema niko katikati ya mlango.

Wala si wadogo tu. Januari 2013 meli ya kivita ya Marekani, USS Guardian, ilipanda mwamba wa Tubbataha huko Ufilipino. Ramani yake ya dijitali iliuweka mwamba ule karibu maili 8 mbali na ulipo. Meli ikaishia kukatwa vipande pale pale.

La pili ni kukuza picha. Tarehe 29 Novemba 2014 chombo cha Team Vestas Wind kiligonga miamba ya Cargados Carajos, kaskazini mashariki mwa Morisi, usiku, katikati ya mashindano ya kuzunguka dunia. Mabaharia wote waliokolewa. Miamba ile ilikuwemo kwenye ramani yao ya kielektroniki, ila kwa kiwango cha ukuzaji walichokitumia haikuonekana jinsi ilivyo. Ramani za vekta, zile ambazo programu huzichora upya kila unapokuza au kupunguza, ndivyo zilivyo: ukitazama eneo kubwa, programu inaficha vitu ili picha isijae. Karatasi haifichi kitu kwa kuwa umerudi nyuma hatua mbili.

Kwa hiyo kabla ya safari, pita juu ya mstari wako wote, maili kwa maili, ukiwa umekuza hadi mwisho. Itakuchukua saa nzima. Ifanye nchi kavu.

Na bunda lako usilitupe kabla hujasoma pembe za kila karatasi. Tafuta mwaka wa upimaji, mfumo wa marejeo (kama ile WGS 84), tarehe ya sahihisho la mwisho, na kama kina kimeandikwa kwa mita au kwa pima. Pima moja ni mita 1.83. Anayesoma mita akidhani ni pima anajipa maji yasiyokuwepo, na karibu nusu ya kina anachokiona ni cha kufikirika.

Zamu_ya_Nne:
Mzee Bildi, heshima yako, lakini karatasi unaisifu mno. Nimefanya kazi kwenye meli za mizigo zilipokuwa zikihama kutoka karatasi kwenda skrini. Sheria ya kufunga ECDIS, yaani mtambo rasmi wa ramani za kielektroniki wa meli, ilianza kwa hatua kuanzia 2012 hadi 2018, na nilikuwa miongoni mwa waliokuwa wakisahihisha karatasi kwa kalamu na gundi kila ilani za mabaharia, yaani taarifa rasmi za mabadiliko ya ramani, zilipofika. Nani kwenye mashua ya mita 9 anafanya hivyo? Ramani isiyosahihishwa miaka kumi nayo inaongea uongo kwa sura ya upole. Isitoshe, NOAA, shirika la serikali ya Marekani linalotoa ramani za bahari, ilitangaza mwaka 2019 kwamba inaziondoa ramani zake za jadi za karatasi, na kazi hiyo imekwisha.

Bildi:
Kuhusu masahihisho nakubali moja kwa moja. Lakini ECDIS yenu ina mtambo wa akiba, ramani rasmi na maofisa waliosomea. Tableti ya Mwanatanga haina hata kimoja.

Na mimi sisifu karatasi kwa kuwa ni karatasi. Tazama Royal Majesty, Juni 1995, karibu na Nantucket. Waya wa antena ya GPS ulichomoka, kifaa kikaanza kukisia mahali kwa kasi na mwelekeo tu, na meli ya abiria ikakwama maili kama 17 nje ya njia yake. Ukinakili namba za GPS kwenye karatasi, umeandika kosa lile lile kwa penseli. Karatasi inafaa pale unapoweka juu yake kitu ulichokiona wewe: mwelekeo wa mnara wa taa kwa dira ya mkononi, kina ulichopima, saa. Kila saa moja weka alama. Ukikaribia miamba, kila nusu saa. Alama yako na ya skrini zisipokutana, punguza mwendo, elekea maji ya kina, ndipo utafute nani kakosea.

Mwanatanga:
Nawashukuru wote. Jana nilizitandaza zote sakafuni. Mbili ni za pima, moja haina sahihisho lolote tangu 1983. Hizo nimezitenga, nanunua mbili mpya: moja ya njia nzima, moja ya mlango wa kuingilia. Kisha nikapita juu ya mstari kama mzee alivyosema. Maili ya 41 kuna mwamba wa kina cha mita 1.2, na mstari wangu unapita juu yake kabisa. Nilipouchora sikuuona. Nimeusogeza maili moja na nusu nje. Inatosha?

Bildi:
Upimaji wa eneo hilo ni wa mwaka gani? Na utafika hapo saa ngapi, maji yakijaa au yakipwa? Niambie hayo mawili kwanza.