Biskuti za njugu za mbwa: chini zimeungua, juu mbichi

Mama Osiep, Nyalenda

Habari za jioni wenzangu. Mimi ni fundi wa nguo hapa Kisumu. Sina ovena, nina jiko la makaa na sufuria kubwa ya matanga. Pia nina mbwa anaitwa Osiep ambaye ana tabia moja mbaya: akisikia boda inapita, ashatoka getini anaifukuza. Wiki jana kijana alianguka na trei nzima ya mayai. Mayai nililipa mimi.

Mjukuu wangu anasema mbwa hufunzwa kwa kupewa kitu kitamu kila anapoitwa akarudi. Vile vya dukani hutoka ng'ambo, na pakiti moja ni pesa ya kushonea mtu sketi ya shule. Nikasema nitapika mwenyewe.

Nikaenda soko la Kibuye, nikachukua zile njugu zilizosinyaa ambazo muuzaji huzitenga kando na kuziuza nusu bei. Si ni za mbwa? Nikazikaanga, nikazipeleka kwa kinu. Siagi ya njugu ilitoka laini, ila ukionja kuna uchungu fulani kwa mbali. Nikakanda unga wa ngano vikombe viwili, siagi kikombe kizima, yai moja na maji kidogo. Mchanga ndani ya sufuria, sahani ya bati juu ya mchanga, kifuniko, na makaa kidogo juu ya kifuniko. Nusu saa baadaye chini palikuwa peusi kama soli ya kiatu na juu unga unanata kidoleni. Osiep alikula moja, akaniangalia, akaenda kulala chini ya cherehani.

Nauliza: moto naupanga vipi? Na kuna kopo la pinati nimeliona dukani limeandikwa kwamba halina sukari. Nadhani hilo ndilo linafaa mbwa zaidi? Hizi zilizoharibika nitawapa kuku.

Jirani wa Kondele

Mama, mbwa wa kwetu anakula ukoko wa ugali na mchuzi wa omena na hajawahi kuniomba biskuti. Huyo wako akishaonja pinati atakudai chai ya maziwa. Kuku wape tu, kuku hawana maneno.

Mpishi wa Section 58

Mwache huyo, mama. Mimi huoka keki kwa jiko hapa Nakuru, na biskuti za mbwa nimezipika sana kwa sababu nina wawili.

Kwanza siagi umezidisha. Njugu ni mafuta karibu nusu ya uzito wake, kwa hivyo kikombe kizima kwa vikombe viwili vya unga ni kama umekaanga, hujaoka. Tia nusu kikombe. Badala ya maji ponda malenge yaliyochemshwa, kandia hayo mpaka donge liache kushika bakuli. Hamira usitie, chumvi usitie. Unataka ikauke, si iumuke.

Sasa moto. Wengi hukosea hapa kwa sababu tumezoea kupika kutoka chini. Ukioka, makaa mengi yawe juu ya kifuniko na chini yabaki machache. Chini weka moto wa kuweka chai isipoe, juu weka moto wa kuchomea nyama. Mchanga uwe kina cha vidole viwili, uupashe dakika kumi kabla hujaweka kitu. Sahani usiilaze moja kwa moja juu ya mchanga, iweke juu ya vijiwe vitatu ili hewa ya moto ipite chini yake. Baada ya dakika kumi na mbili fungua, geuza kila moja, funika tena. Ukifungua angalia majivu yasimwagike ndani.

Donge lisukume kama chapati, nene kama kidole chako kidogo kilivyo, halafu kata kwa kifuniko cha soda. Mbwa anayefundishwa hahitaji biskuti ya mtu mzima. Anahitaji kitu cha kumeza mara moja ili akuangalie tena. Zikiiva toa makaa yote, acha kifuniko wazi kidogo zipoe humo humo. Ndipo zinakuwa ngumu za kuvunjika kwa sauti.

Daktari wa Mifugo, Kakamega

Mama Osiep, moto umeshajibiwa vizuri. Mimi nimeshtushwa na njugu zenyewe na huo uchungu.

Tafadhali kuku usiwape, na Osiep usimpe nyingine. Njugu iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu ndiyo hubeba sumu kuvu, aflatoksini. Kuvu huota njugu zikivunwa na kuanikwa vibaya au zikiwekwa mahali penye unyevu, na sumu yake haimalizwi na kikaango wala na jiko. Hushambulia ini. Mbwa huacha kula, hutapika, ufizi na weupe wa macho hugeuka njano. Mara nyingi ukiona njano umechelewa.

Na kuhusu ndege, sumu hii iligunduliwa kwa sababu yao. Mwaka 1960 kule Uingereza batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na chanzo kikapatikana kwenye mashudu ya karanga waliyolishwa. Kwa hivyo kuku wana maneno, ndugu wa Kondele, ila huyasema wakishakufa.

Hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo hiyo yaliua watu 125 Ukambani. Kile ambacho hungempa mjukuu wako usimpe mbwa. Biskuti moja haitamfanya kitu kikubwa, lakini mwangalie siku hizi mbili tatu.

Kopo lile la bila sukari liache rafuni mpaka usome maandishi madogo. Baadhi hutiwa utamu unaoitwa zailitoli, na kwenye kopo utauona umeandikwa xylitol au E967. Mtu hula bila shida. Mbwa akila, mwili wake humwaga insulini kwa wingi, sukari ya damu inashuka hata ndani ya nusu saa, anayumba kama mlevi, anaweza kupata degedege, na ini pia huumia. Njugu zako za kinu zisizotiwa kitu ni salama kuliko kopo hilo, mradi ziwe njugu nzuri.

Tena, vitamu vyote visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake cha siku. Siku ya mafunzo punguza ugali wake.

Jirani wa Kondele

Daktari, nimenyamaza.

Mama Osiep, Nyalenda

Asante daktari. Nilikuwa nimeshatoa za kuku kwenye sinia. Zote zimeingia chooni, na ile siagi iliyobaki pia, ingawa mkono ulikuwa mzito.

Osiep yuko salama, anakula, ufizi wake ni wa waridi, naufungua kila asubuhi mpaka amechoka nami.

Jumamosi nimerudi Kibuye nikanunua kilo moja ya njugu nzuri. Tulizimwaga kwenye uteo mimi na mjukuu, tukachambua moja moja kwenye mwanga wa mlango. Hata hizo nzuri tulitoa kiganja kizima: nyingine zimetobolewa, nyingine zina unga wa kijani kwenye kitovu. Miaka yote hii nimekuwa nikizila gizani.

Mama wa Section 58, vijiwe vitatu! Sijui kwa nini sikuwaza. Zimetoka kahawia pande zote, mia moja na kumi na mbili kwa hesabu ya mjukuu, ambaye amekula nne akisema anapima kama zimeiva.

Nimeshona mfuko mdogo mbele ya aproni. Jana tulikaa getini, boda inapita, naita, naonyesha biskuti yangu ya kifuniko cha soda. Amerudi mara tatu kati ya nne. Ile ya nne boda ilikuwa imebeba samaki mbuta kutoka ufuo wa Dunga, mkia unaning'inia nyuma.

Mpishi wa Section 58

Hiyo ya nne tusiihesabu.