Huduma ya REST juu ya Django: tuandike wenyewe, tutumie nyongeza au tuiachie hifadhidata?

Msukaji: Salaam, wanajukwaa. Programu yetu ya wavuti, iliyojengwa juu ya kiunzi cha Django, imekuwa ikitoa kurasa za HTML pekee, na sasa programu ya simu inahitaji data zilezile kupitia huduma ya REST, yaani anwani za HTTP zinazotoa na kupokea data. Nimepima njia tatu: kuandika wenyewe msimbo wa kurudisha JSON (muundo wa maandishi wa kubadilishana data), kutumia nyongeza ya Django iitwayo Django REST Framework, au kuweka PostgREST, ambayo husoma muundo wa hifadhidata ya PostgreSQL na kuufungulia anwani za HTTP moja kwa moja. Naomba ushauri wa waliokwisha kupita huko.

Kilindi: Ndugu Msukaji, PostgREST ndiyo ya haraka kuliko zote kuanzisha, lakini ulinzi wote unahamia kwenye ruhusa na sera za PostgreSQL, na kanuni zozote mlizoziweka ndani ya save() (hatua ya kuhifadhi rekodi) za modeli zenu, yaani maelezo ya majedwali ndani ya Django, hazitapitiwa kabisa. Kwa kusoma tu, ningeikubali.

Mshazari: Naongezea kwamba hata Django REST Framework haiiti clean() ya modeli, yaani hatua ya kukagua data, kwa hiyo ukaguzi huo lazima uandikwe upya kwenye serialaiza, sehemu inayogeuza rekodi kuwa data za kutumwa na kupokea zinazoingia. Hata hivyo ndiyo ninayoipendekeza. Sisi tulianza kwa kuandika wenyewe, na kila anwani ikawa na tabia yake: moja ilirudisha 400 (msimbo wa HTTP wa ombi lenye kosa) data zikikosewa, nyingine ikarudisha 200 (msimbo wa mafanikio) yenye ujumbe wa kosa ndani, hata programu ya simu ikawaambia watumiaji kwamba oda imepokelewa ilhali haikuhifadhiwa. Ila usiandike `fields = "__all__"`, yaani toa safuwima zote, kwa sababu safuwima yoyote itakayoongezwa baadaye itatoka nje bila mtu kuamua. Roy Fielding, aliyebuni REST, katika tasnifu yake ya mwaka 2000, alitenganisha rasilimali na uwakilishi wake, yaani umbo linalotumwa kwa mteja, na jedwali lako si uwakilishi.

Kilindi: Kweli kabisa. Kuna pia watu wawili kusoma rekodi moja, kisha kila mmoja akatuma PUT, ombi la HTTP la kubadilisha rekodi nzima. Wa pili anafuta kazi ya wa kwanza kimyakimya. Toa ETag (alama ya toleo la rekodi), udai If-Match (kichwa cha ombi kinachoirudisha alama hiyo), na toleo likiwa limepitwa ujibu 412, yaani sharti halikutimia. Django REST Framework haikufanyii hili yenyewe.

Msukaji: Nashukuru sana. Nitaanza na anwani ya oda, nikitaja sehemu zake moja moja, na PUT nitaifungua baada ya If-Match kufanya kazi.