Andrews, McDonald au Chenoweth: soprano gani wa jukwaani niwasikilizishe mabinti wa sauti ya kwanza?

DadaWaMwanga (Kigoma)

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba msaada wa wenye masikio.

Nafundisha sauti ya kwanza kwenye kwaya yetu hapa Mwanga, mabinti tisa. Mwaka huu tumepewa igizo la kuimba la Noeli, yaani wataimba huku wanatembea, wanapiga magoti, wanabeba mtoto. Wakifika juu wanakaza shingo mpaka mishipa inasimama, na maneno yanapotea kabisa. Kuna mstari unaishia na neno "mbinguni", noti ya juu imeangukia kwenye "ngu". Juzi nilienda kusimama mlangoni niwasikilize kama msharika wa benchi la mwisho. Nilichosikia ni "mbangana".

Kuwaeleza kwa mdomo naona hakutoshi, wanahitaji mtu wa kumsikiliza. Wa opera wanawaogopesha, kwa hiyo nimechagua watatu wa tamthilia za muziki:

Julie Andrews, Mwingereza. Kila neno lake linafika. Alikuwa na miaka 20 tu alipoanza kucheza Eliza katika My Fair Lady pale Broadway, yaani majumba makubwa ya tamthilia ya New York, Machi 1956, na enzi hizo waimbaji hawakufungwa maiki mwilini.

Audra McDonald, Mmarekani. Sauti nzito zaidi, ina joto. Ana tuzo sita za Tony, zile wanazopewa watu wa Broadway, na ndiye pekee aliyeshinda katika makundi yote manne ya uigizaji.

Kristin Chenoweth, naye Mmarekani. Mfupi, hafikii futi tano, lakini ana sauti kali inayong'aa. Ndiye wa kwanza kumcheza mchawi Glinda katika tamthilia ya Wicked, Broadway mwaka 2003.

Mimi roho yangu iko kwa Andrews. Nyie mnasemaje?

BesiLaUjiji

Dada, usihangaike, chukua Andrews. Mama yangu hajui Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini ukimwekea Andrews anaacha kuchambua dagaa anasikiliza. Anasema, "Huyu hapigi kelele." Basi, hilo ndilo unalolitafuta.

Kinachoniuma ni kwamba 1997 alifanyiwa upasuaji wa koo na ile sauti ya kuimba haikurudi tena. Wafundishe mabinti na hilo. Koo halina duka la spea.

Nikuongezee na wa nne, Marni Nixon. Filamu ya My Fair Lady ilipotengenezwa 1964, Eliza alipewa Audrey Hepburn, na nyimbo nyingi unazosikia mle aliimba Marni Nixon. Alikuwa amemwimbia hivyo hivyo kwenye filamu Deborah Kerr mwaka 1956 na Natalie Wood mwaka 1961. Mwimbaji anayeweza kuvaa midomo ya wanawake watatu, kila mmoja na lafudhi yake, huyo matamshi anayajua.

MtuWaIsevya (Tabora)

Mwangaluka wapendwa. Mimi ni wa Audra, na nitamtetea.

Mwaka jana nilikuwa narudi Tabora kwa treni kutoka huko kwenu Kigoma. Nilikuwa nimetoka kumzika shangazi. Usiku tumesimama Kaliua, dirisha wazi, kina mama wanapita na ndoo za vitafunwa, nikaweka visikilizi nikamfungulia Audra alivyoimba kama Mama Mkuu wa watawa, ile Sound of Music iliyorushwa moja kwa moja kwenye televisheni ya Marekani Desemba 2013. Anaanza taratibu, kama mama anayemsihi mtoto asikate tamaa. Unangoja apande. Anapanda, na sauti inakuwa kubwa bila kubadilika kuwa ya mtu mwingine. Ni mama yule yule, amesimama tu. Nililia pale dirishani na sikuona haya.

Andrews ni safi, sikatai. Lakini dada, umesema ni igizo. Nani atakuwa Mama Maria? Huyo hawezi kuimba usafi peke yake, inabidi tuamini kwamba amechoka, amekataliwa nyumba ya wageni, na bado ana matumaini. Audra alisomea uimbaji wa kiopera pale Juilliard, chuo cha sanaa cha New York, halafu akaishusha elimu yote ile ikawa mazungumzo ya mtu na mtu.

Binti_Kasulu

Jamani mbona hamumtaji Sarah Brightman? Yeye ndiye wa kwanza kumcheza Christine, yule soprano wa tamthilia ya The Phantom of the Opera, London 1986! Na Sierra Boggess, yule aliyemcheza Christine kwenye maadhimisho ya miaka 25 ya tamthilia hiyo pale Royal Albert Hall mwaka 2011. Mimi nikimsikiliza Boggess najisikia naelea.

Halafu baada ya Broadway kufunguliwa tena 2021, Emilie Kouatchou akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuishika nafasi ya Christine pale. Mabinti wetu wakimwona huyo watajua hii sauti haina rangi.

MwalimuSolfa

Shikamoo zenu nimeziitikia kwa pamoja. Nimefundisha kwaya Kigoma na Tabora miaka mingi, naomba niseme kidogo.

Binti wa Kasulu, Boggess ni mzuri sana, na hilo la Emilie lipeleke kwa mabinti kama ulivyolisema. Ila wimbo wenyewe wa Christine usiwape sasa. Ule unaobeba jina la igizo unaishia kwenye E iliyo juu ya C ya juu, noti ambayo soprano wengi hawaifikii. Mabinti wakiisikia hiyo watataka kuifikia hiyo tu, na shingo zitakazwa zaidi ya sasa.

Dada wa Mwanga, ulichosikia mlangoni si uvivu wao. Sauti ya mwanamke ikivuka mistari mitano ya nota, mdomo hauna budi kufunguka, na irabu zote zinaanza kufanana. Zinazoumia kwanza ni "i" na "u", kwa sababu hizo mdomo unazibana. Neno lako lina "i" mbili na "u" moja, na mtunzi ameiweka "u" kileleni. Kwa hiyo usiwaambie "tamkeni vizuri" kisha ukaishia hapo. Waambie mdomo ndani ufunguke kama wa kupiga mwayo, midomo kwa nje ibaki mviringo, na ile "ng" waitue mapema kidogo kabla ya pigo. Msikilizaji akiipata "ng" na "ni" ya mwisho, sikio lake litajaza lenyewe kilichobaki.

Sasa nani wa kuwasikilizisha? Wote mmemsahau Barbara Cook. Huyu mwaka 1956 aliimba katika Candide, tamthilia iliyodumu maonyesho 73 tu, na mle ndani kuna wimbo unaovuka C ya juu mara kwa mara, huku mwimbaji anachekesha na kulia kwa zamu. Mwaka uliofuata akaingia The Music Man kama mkutubi wa mji mdogo, akapata Tony. Umri ulipoenda sauti ikashuka, naye akaendelea kupanda jukwaani hadi amevuka miaka 80, kwa sababu watu walikuja kusikia anasema nini. Kwake noti ni ya kubebea neno. Andrews naye yuko hivyo, lakini kwa Andrews unasikia Kiingereza cha shule. Kwa Cook unasikia jirani.

Na mmeshika do gani, yaani do yenu iko kwenye noti ipi?

DadaWaMwanga (Kigoma)

Shikamoo mwalimu. Do iko A bemoli, na ile "ngu" ni do ya juu.

MwalimuSolfa

Marahaba. Shusha do iwe F kwa wiki mbili. Wakizoea, rudisha nusu sauti nusu sauti.

MtuWaIsevya (Tabora)

Mwalimu, hapo kwa Cook umenishika, nimemsikiliza usiku kucha. Ila kwa Mama Maria bado siondoki kwa Audra.

BesiLaUjiji

Na Chenoweth mbona kama amefukuzwa kikaoni?

MwalimuSolfa

Hajafukuzwa. Ana mafunzo mazito, yeye na Kelli O'Hara, soprano mwingine wa Broadway, wamepita kwa mwalimu mmoja, Florence Birdwell, katika chuo cha Oklahoma City. Lakini sikiliza anavyomcheza Glinda. Mwanzoni anaingia na sauti ya kichwa ya soprano kamili, baadaye anaimba karibu na anavyoongea, kwa kichekesho. Anabadilisha gia anavyotaka. Mtoto anayejifunza akimwiga ataokota kile kichekesho cha puani na kuacha pumzi iliyo chini yake. Kelli O'Hara ningempa kabla yake. Anaimba kwa utulivu, na ndiye huyo huyo aliyeimba Broadway na akaimba Metropolitan Opera, jumba kubwa la opera la New York.

DadaWaMwanga (Kigoma)

Nimerudi baada ya wiki tatu, samahani kwa kuchelewa.

Nilimweka Cook kwenye spika ndogo, tumekaa chini ya mwembe nyuma ya kanisa. Siku ya kwanza walichoka, wakasema ni wa zamani. Siku ya pili niliwataka wasiimbe, waseme tu mstari wetu kama wanamwambia mtu aliye ng'ambo ya barabara, kisha wamsikilize tena, kisha waimbe kwenye F. Yule mdogo kuliko wote akainua mkono, akaniuliza, "Dada, kumbe anapumua kabla hajahitaji?" Nilikuwa sijawahi kuliona hilo. Tukarudia mara tano tukisikiliza pumzi tu.

Ijumaa tumefika G. Nikaenda mlangoni. Sita kati ya tisa nilisikia "mbinguni", na "u" ikiwa mviringo. Watatu bado ni "mbangana", lakini shingo zimelegea.

Mtu wa Isevya, binti anayecheza Mama Maria nimempa Audra peke yake, amchukue nyumbani kwenye simu ya kaka yake. Andrews nimebaki naye mwenyewe, namsikiliza nikipika.

MtuWaIsevya (Tabora)

Huyo binti aanze na dakika ya kwanza tu, kabla sauti haijapanda. Mwambie asikimbilie mwisho.

BesiLaUjiji

Dada, mkifika A bemoli turekodie. Mama anauliza kila siku.

DadaWaMwanga (Kigoma)

Jumapili baada ya misa ya pili tunarekodi. Mwambie mama nitamtumia yeye kwanza.