Tupeane uzoefu: umemshukuruje Mungu nje ya bahasha ya sadaka?

Mama Usharika (mleta mada)

Bwana asifiwe wapendwa, na Tumsifu Yesu Kristo kwa ndugu zangu Wakatoliki.

Kwetu kila Jumapili bahasha za shukrani husomwa kwenye matangazo. Familia inashukuru mtoto kufaulu kidato cha nne, mama anashukuru kujifungua salama, mzee amerudi kutoka kwenye upasuaji. Nakipenda sana kipindi hicho. Ndipo ninapojua majirani zangu walipita wapi wiki nzima.

Ninachotaka tuzungumze ni kile kinachofuata tukishatoka mlangoni. Katika Luka 17 wakoma kumi walitakaswa wakiwa njiani. Tisa waliendelea kwenda kwa makuhani kama walivyoagizwa. Mmoja, tena Msamaria, aligeuza safari akarudi akimtukuza Mungu kwa sauti kuu. Alirudi kwa miguu yake, na watu wanamwona. Naamini shukrani inataka kurudi kwa namna hiyo: kwa Mungu, na pia kwa watu. Sasa kazini, sokoni, barabarani, msibani, unarudije? Na unafanyaje pale furaha yako inapokutana uso kwa uso na kilio cha mwenzako? Naomba simulizi zenu wenyewe, mahubiri tuwaachie wachungaji.

Mzawa wa Machame

Milele amina, mama. Mimi nitaanzia kanisani lakini nitatoka nje.

Usharikani kwetu KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), asiye na hela hakosi cha kutoa. Analeta mkungu wa ndizi, maziwa kwenye kidumu, mahindi, kuku. Ibada ikiisha watu hawatawanyiki, tunasimama uwanjani kwa mnada. Mzee wa kanisa anamwinua kuku juu, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba, anaita: "Elfu kumi ya kwanza! Nani ananiongezea? Kule nyuma mbona kimya?" Kuku anaweza kuuzwa hata mara tatu, maana anayemnunua anamrudisha mezani anadiwe tena.

Kuna bibi mmoja alileta mayai matatu kwenye kibakuli cha bati, kimefunikwa kwa jani. Shukrani yake ilisomwa: ng'ombe wake amezaa salama. Yale mayai yalipanda bei kuliko kuku. Aliyeyapata aliyarudisha mnadani, na aliyeyapata mara ya pili akampelekea mama mmoja aliyekuwa na mtoto mchanga. Lakini kilichonikaa moyoni ni cha baadaye. Tuliposikia habari ya ng'ombe, watu wakaanza kuulizana: huyu bibi majani anakatiwa na nani? Kumbe anashuka mwenyewe hadi bondeni na anapanda na mzigo kichwani. Vijana wa jumuiya wakapanga zamu ya kumpelekea majani, na zamu hiyo inaendelea hadi leo. Angeshukuru kimya kimya chumbani, Mungu angesikia, sisi tusingejua.

Dereva wa Tunduma

Mimi ni mtu wa malori. Nikipandisha mlima Kitonga na mzigo, nikifika Ilula naegesha, nazunguka gari nagonga matairi, nasema asante Yesu kwa sauti. Utingo wangu ni Mwislamu, naye anasema Alhamdulillah. Halafu tunanunua nyanya. Sina zaidi, ila sijawahi kupitiliza.

Nesi wa Zamu

Swali lako la mwisho, mama, ndilo maisha yangu ya kila siku. Niko wodi ya wazazi, hospitali ya misheni. Asubuhi tunaanza kwa sala fupi na wimbo mmoja kabla ya kukabidhiana zamu. Kwenye ripoti ya usiku mnasikia wamezaliwa watoto kadhaa, na pengine mmoja amefariki. Wodi ni ileile. Vitanda vinafuatana.

Ndugu wakija kumchukua mzazi wao wanakuja na kitenge kipya, chupa ya uji na vigelegele tayari kooni. Mimi hutoka kuwapokea kwenye korido. Nawaambia: "Mama zangu, hongereni, Mungu ametenda. Ila kitanda cha tatu kuna mwenzetu amempoteza mtoto usiku. Tumpe Mungu sifa kwa moyo hadi getini." Sijaona hata mmoja aliyekasirika. Siku moja bibi mmoja, aliyekuwa amebeba mjukuu wake wa kwanza, alinikabidhi mtoto, akaenda kitanda cha tatu, akakaa pembeni ya yule mama na kumshika mkono. Hakusema Biblia wala "Mungu atakupa mwingine", maneno ambayo natamani sana watu wayaache. Alikaa. Kisha akamchukua mjukuu, wakatoka, na walipofika getini nikasikia vigelegele vimepasuka kweli kweli.

Kwa yule bibi nilimwona Msamaria wa Luka 17.

Mwalimu wa Kidato

Nesi, ubarikiwe. Mimi ni mwalimu wa shule ya serikali, watoto wa dini zote. Paredi tunaimba "Mungu ibariki Afrika", na huwa nawakumbusha kwamba ni sala. Wimbo huo asili yake ni Afrika Kusini, uliotungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti. Mwalimu mwenzetu huyo aliomba kwa ajili ya bara zima, nasi bado tunaitikia.

Katika sala ile tunaomba, basi nikaona mahafali iwe mahali pa kushukuru. Mgeni rasmi hushukuriwa na kila mtu, hilo halina shida. Sisi tunawaita mbele wapishi na mlinzi wa usiku, mhitimu mmoja Mkristo na mmoja Mwislamu wanatoa neno la shukrani kwao. Mpishi wetu aliwahi kulia akasema hajawahi kuitwa jina lake kwenye kipaza sauti.

Mkenya wa Nakuru

Mungu ni mwema! Mimi ni mshirika wa ACK, Kanisa la Anglikana la Kenya. Kwetu Kenya shukrani ya hadharani ina vita vyake. Mwanasiasa akichaguliwa anaitisha ibada ya shukrani, analeta wenzake, na kabla hujui madhabahu imegeuka jukwaa la siasa. Septemba 2021, siku ambayo Rose Okeno aliwekwa wakfu kule Butere kuwa askofu, Askofu Mkuu Jackson ole Sapit alipiga marufuku wanasiasa kuhutubia makanisani mwetu. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi, chini ya Askofu Mkuu Philip Anyolo, likakataa pesa ambazo Rais alikuwa ametoa kwa kanisa la Soweto, Kahawa West.

Nilifurahi mara zote mbili, na sisemi hivyo kwa chuki. Kiongozi ana haki ya kumshukuru Mungu kama mimi. Aje, aketi kwenye benchi, aimbe, atoe sadaka yake bila kutangaziwa kiasi. Mama mboga anayetoa shilingi hamsini hapewi maikrofoni.

Mwana wa Goma

Aksanti kwa mada. Niko Goma. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka usiku, na siku chache baadaye tukaamriwa kuondoka mjini, wengi tukakimbilia Sake. Moto wa mlima ulisimama Buhene. Nyumba yangu ilibaki, ya kaka yangu kule Buhene iliisha. Tuliporudi, kwaya ilitaka kuimba shukrani. Tulikubaliana kwanza kila aliyebaki na nyumba apokee familia moja, kisha ndipo tuimbe. Tuliimba tukiwa wengi chini ya paa moja, kaka yangu akiongoza sauti ya nne.

Msafiri wa Singida

Nimewasoma wote na nimeona nami niseme.

Niliokoka kwenye ajali ya basi. Wengine walifariki, akiwemo baba niliyeketi naye. Singida tulinunua kuku mmoja wa kienyeji tukachangia, akasisitiza mimi nile paja kwa kuwa ni mdogo kwake. Ajali ilitokea mbele kidogo.

Nilipotoka hospitali natembelea gongo, wana jumuiya wakaniandalia ibada ya shukrani nyumbani. Turubai, viti, pilau, ndugu kutoka mbali. Mchungaji akanipa nafasi ya ushuhuda. Wapo waliotamani niseme Mungu alinikinga kwa sababu niliomba kabla ya safari. Nisingeweza kusema hivyo. Yule baba naye aliomba. Asubuhi ile alipokaa tu alivua kofia, akainamisha kichwa, na amina yake niliisikia kwa masikio yangu. Nikasema mbele ya watu: namshukuru Mungu kwa kuwa niko hai, sababu anaijua Yeye, na naomba kabla ya kula tuwaombee wote waliokuwa kwenye lile basi. Mchungaji aliacha somo aliloandaa, akafungua Zaburi ya 90, "Wewe, Bwana, umekuwa makao yetu, kizazi baada ya kizazi." Watu wazima walilia.

Sadaka ya siku ile tulikubaliana iende kwa mjane wake, Nzega. Nilikwenda na mzee wa kanisa. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi kuhusu ajali. Mama yule aliniuliza kama mumewe alikula njiani. Nikamweleza habari ya kuku, jinsi alivyosisitiza mimi nile paja, alivyocheka. Akanisimamisha nirudie tena, akawaita watoto waje wasikie.

Mama Usharika

Baba, Mungu akutunze. Nimeisoma hii nikiwa dukani na imenibidi nifunge kidogo.

Kijana wa Mbeya

Shikamooni wote. Sina ushuhuda, nina swali. Nina stashahada ya umeme na miaka inakwenda bila ajira. Kila bahasha ya "kupata kazi" inaposomwa natazama chini. Najua 1 Wathesalonike 5:18, shukuruni kwa kila jambo. Mimi nishukuru lipi?

Nesi wa Zamu

Marahaba mdogo wangu. Usilazimishe kinywa. Kuna siku "Bwana, nisaidie" ndiyo sala yote.

Mzawa wa Machame

Marahaba mwanangu. Soma Habakuki 3:17. Nabii anaanza kwa kutaja hasara, kitu kwa kitu: mtini, mzabibu, mzeituni, mashamba, zizi halina kundi, ng'ombe hakuna. Hakuficha hata kimoja, na Mungu hakumkatiza. Ndipo mstari wa 18 anasema atamfurahia Bwana. Nawe taja yako kwanza. Tena taja mbele ya jumuiya, ili tujue, kama tulivyojua habari za yule bibi na majani.

Kijana wa Mbeya

Asante mzee wangu. Huku kwetu nasi tuna mnada wa mavuno, unakuja karibuni. Sina kuku wala mkungu. Asiye na shamba anapeleka nini?

Mzawa wa Machame

Kwetu fundi seremala mmoja aliwahi kuleta siku yake moja ya kazi ikanadiwa, na aliyeinunua alikuwa mjane mwenye mlango mbovu, aliyechangiwa na kina mama wenzake. Wewe andika kwenye karatasi: "Siku moja ya kufunga umeme." Mpe mzee wa kanisa kabla ibada haijaanza, aisome yeye mwenyewe pamoja na vitu vingine. Aliyeinunua mpatane siku hapo hapo, na ufike mapema na vifaa vyako vyote.