Mwangwi wa Shangazi: Kikundi cha Ukoo, Ujiji

Kassimu: Asalam aleikum wote. Michango ya matibabu ya moyo ya Shangazi imefika 1,850,000. Wawili bado. Tunajuana, sitataja jina.

Mama Rama: 😂😂 taja tu

Juma wa Mwanga: Kabla ya kutajana. Nimepitia ile karatasi ya makadirio ya hospitali kutoka Dar. Kuna mstari wa "katheta ya eko ya ndani ya moyo, hutumika mara moja". Huo peke yake umezidi kitanda na chakula kwa pamoja! Shangazi si alipigwa eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, hapa hapa Kigoma juzi?

Baba Mkubwa Shaabani: Ndilo swali langu tangu asubuhi. Eko ni jeli na kile kirungu cha kifuani, basi. Sasa waitie ndani ya moyo, halafu waitupe. Sisi hata ndoano hatutupi kwa samaki mmoja.

Zuhura: Shikamooni. Ndiyo natoka zamu.

Baba Mkubwa Shaabani: Marahaba mwanangu. Wewe uko kwenye hiyo kathilabu, chumba cha kupitishia katheta moyoni, tueleze.

Zuhura: Moyo wa Shangazi unapapatika. Vyumba vya juu vinatetemeka tu badala ya kupiga. Cheche za umeme zinazoanzisha hayo mara nyingi hutoka kwenye mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni, kwa kawaida iko minne. Waligundua hilo Bordeaux, Ufaransa, wakalichapisha 1998. Kwa hiyo daktari anaunguza duara kuzunguka midomo ya mishipa hiyo, cheche zisivuke.

Zuhura: Shida ni njia. Katheta ni mrija mwembamba kama waya. Ya kuunguzia inaingilia mshipa wa kinena, inatokea chumba cha moyo cha upande wa kulia. Mishipa yenyewe iko kushoto. Katikati kuna ukuta, na lazima utobolewe kwa sindano.

Mama Rama: Weee Zuhura! Punguza, Shangazi yumo humu

Shangazi Mwajuma: Nimo. Endelea.

Zuhura: 🙈 Ukuta huo una sehemu moja nyembamba. Tulipokuwa tumboni mwa mama palikuwa na tundu, tukizaliwa linajifunga. Sindano ikipasukuma, pale panavutika kama chandarua ukikisukuma kwa kidole. Daktari anataka kuuona mvutiko huo kwa macho kabla hajatoboa, maana akikosea mbele kidogo kuna mshipa mkuu wa damu, na nyuma ndiyo anatokea nje ya moyo. Eksirei inaonyesha waya na sindano vizuri, lakini ukuta wenyewe hauonekani.

Juma wa Mwanga: Na kirungu cha kifuani?

Zuhura: Mbavu na mapafu vinaziba. Mapafu yana hewa, na sauti ya eko haipenyi hewa. Ile jeli unadhani ni ya nini? Ni kufukuza hewa kati ya kirungu na ngozi. Tena chumba cha kushoto kiko nyuma kabisa, upande wa mgongo. Kuna eko nyingine ya kumeza, inapita kooni na kukaa nyuma ya moyo. Picha zake safi sana, ila kwa kazi ya saa kadhaa inabidi mgonjwa alazwe usingizi mzito.

Shangazi Mwajuma: Ya kumeza hapana. Mwiba wa mgebuka ulinikaa kooni siku mbili, harusi ya Kassimu. Hapana.

Baba Mkubwa Shaabani: 🎤 Sauti 1:40

Juma wa Mwanga: Bamkubwa andika, niko msibani siwezi kufungua

Baba Mkubwa Shaabani: Nimesema hivi. Kwenye meli tulikuwa na chombo cha kupima kina. Kinapiga sauti chini, mwangwi unarudi, unasoma mita. Lakini kilifungwa tumboni mwa meli, majini. Ukikibeba ukakiweka juu ya mchanga pale Kibirizi hakikwambii kitu. Ndiyo hivyo?

Zuhura: Ndiyo hivyo hasa! Eko maana yake mwangwi. Hiyo katheta ina unene wa milimita 3 hivi, nchani kuna vipande vidogo, mara nyingi 64, vinavyopiga sauti na kuipokea. Inakaa ndani ya damu. Hakuna mfupa, hakuna hewa.

Baba Mkubwa Shaabani: Si mngesema hivyo tangu mwanzo.

Zuhura: Mimi naipendea jambo lingine. Damu ikivuja kwenye mfuko unaozunguka moyo, presha inaweza kuchelewa kushuka. Ile katheta inatuonyesha mstari mweusi kwenye kioo mapema, mgonjwa mwenyewe hajahisi kitu. Nimeuona mstari huo mara moja. Daktari aliacha kila kitu na chumba kikawa kimya. Mgonjwa yule alitoka akitembea.

Mama Rama: Alhamdulillah

Juma wa Mwanga: Sasa kwa nini isisafishwe?

Zuhura: Imetengenezwa ya mara moja, na kitu kinachoingia moyoni hakisafishwi kwa kuchemshwa. Marekani kuna kampuni zenye kibali cha kuzisafisha na kuzirudisha kazini. Lakini niseme ukweli, wapo madaktari wazoefu wanaofanya bila hiyo, kwa eksirei na ile ya kumeza. Kassimu, uliza kama imo kwenye bei ya jumla au ni nyongeza, na bima inasemaje.

Kassimu: Kesho asubuhi nawapigia.

Zuhura: Na Shangazi, dawa ya kuzuia damu isigande usiruke hata siku moja. Damu hutuama kwenye kijifuko cha kile chumba cha kushoto, ikaganda. Donge likitoka hapo likapanda kichwani ni kiharusi. Wataangalia donge kwanza, likiwepo wanaahirisha.

Shangazi Mwajuma: Wameninyima matembele kwa ajili ya dawa hiyo.

Zuhura: Nani kakunyima? Kula, ila kiasi kile kile kila wiki. Usile sufuria leo, kisha wiki nzima hakuna.

Shangazi Mwajuma: Umesikia Mama Rama.

Mama Rama: 😶

Shangazi Mwajuma: Nitakwenda kwa treni. Na dagaa wa Zuhura nani anafunga?

Baba Mkubwa Shaabani: Kassimu, angalia simu. Nimetuma 200,000. Usinitaje.