Soketi nyeusi za gan: nichukue seti nzima au chache tu? Gereji ndogo, Tororo

Gereji_ya_Mwambani:

Wakuu, salaam. Nina gereji ndogo hapa Tororo, kando ya barabara ya kwenda Malaba. Kazi nyingi ni Premio, Noah, Forester, Hiace za abiria, na siku hizi Canter mbili tatu kwa wiki. Mwezi wa tatu nilinunua gan ya betri (mashine ya kufungulia nati kwa mapigo), ya mraba wa nusu inchi, mtumba, kwa sababu umeme ukikatika kompresa haina kazi. Gan yenyewe sina lawama nayo.

Tatizo ni kwamba niliendelea kuifunga soketi zangu za kawaida (vikombe vya kushika nati), zile za kromu zinazong'aa, za racheti ya mkono. Jumamosi iliyopita kijana wangu alikuwa anafungua nati ya draivu shafti (shafti inayozungusha gurudumu) ya Forester, saizi 32 ya milimita. Gan iligonga kama sekunde nne, tukasikia mlio mkali, soketi ikapasuka kutoka pembe ya ndani mpaka kwenye tundu la mraba. Kipande kama ukucha kikamchana chini ya jicho la kulia. Ameshonwa nyuzi tatu. Jicho liko salama, namshukuru Mungu. Kile kipande ninacho mezani: ndani ni kijivu chenye chembechembe, kama sukari guru iliyovunjwa. Tangu siku hiyo gan sijaigusa.

Nimekwenda Kisekka, soko la vipuri Kampala. Muuzaji ananishauri nichukue seti kamili: soketi nyeusi fupi na ndefu kuanzia 8 mpaka 36, nyembamba tatu zenye ganda la plastiki za rimu, zenye shingo ya kupinda, moja nzito ya puli ya krenki (gurudumu la mkanda kwenye injini), na 54 ya habu (kitovu cha gurudumu) za Land Cruiser. Jumla milioni moja na laki mbili. Mimi nina laki nne, na muhula unafunguliwa.

Naomba mnisaidie. Kati ya hizi soketi maalumu, ipi ina kazi ya kweli na ipi itakaa kwenye droo?

Mzee_wa_Spana:

Pole sana kwa kijana, mwanangu. Mpe pole yangu.

Soketi ya kromu imetengenezwa kwa ajili ya mkono wa mtu. Chuma chake kimepikwa kiwe kigumu ili ukuta uwe mwembamba na uingie penye nafasi finyu. Chuma kigumu kinavumilia kusukumwa polepole, hata ukitia paipu kwenye racheti. Gan haisukumi, inapiga nyundo mara nyingi sana kwa dakika. Kila pigo linafungua ufa mdogo usiouona, halafu siku moja ufa unafika mwisho. Soketi nyeusi huwa ni chuma cha kromu na molibdeni, kimeachwa laini kidogo na ukuta ukaongezwa unene. Ikizidiwa inapanuka au inaisha pembe, ni nadra kurusha vipande. Kwa hiyo hiyo soketi nyeusi usiite anasa. Ukiamua kutumia gan, ndiyo sehemu ya gan.

Lakini "maalumu" ni neno la muuzaji. Kaa chini na daftari, andika saizi ulizozigusa kwa gan mwezi huu. Utakuta hazizidi nane. Ya 8, 10 na 12 kwa gan ya nusu inchi unazitafutia nini? Utakata boliti tu.

kijana_wa_Bwaise:

Mimi natumia kromu kwenye gan miaka sita, haijawahi kupasuka. Tunatishana bure.

Mzee_wa_Spana:

Ndugu yangu, hata ya huyu ilikuwa nzima mpaka Jumamosi ile. Kaziangalie zako kwenye mwanga, hasa pembe za ndani. Ukiona mstari mwembamba kama unywele, itoe leo.

Mama_Matairi_Mbale:

Mimi kazi yangu ni tairi tu, kwa hiyo nazungumzia zile nyembamba zenye plastiki. Nunua. Sikuzinunua mwanzoni, nikalipa rimu ya mteja.

Rimu za aloi zina mashimo ya nati yenye kina. Soketi nyeusi ya kawaida ni nene, ukiilazimisha inakwangua pande zote za shimo, na alama ya duara inayong'aa haifichiki kwa rangi. Ile nyembamba inaingia, na ganda la plastiki linabaki limetulia wakati soketi inazunguka ndani yake. Zipo 17, 19 na 21 kwa pamoja. Toyota nyingi zinachukua 21, Subaru 19. Plastiki huchakaa, ikianza kupasuka badilisha, kwa sababu hapo haikingi kitu tena.

Na ushauri ambao hukuuliza, kaka: fungua kwa gan, lakini kufunga malizia kwa mkono na spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Toyota ndogo nati ya tairi inataka nyutoni mita 103. Gan nyingi za nusu inchi zinapita hapo kabla hujainua kidole, na stadi (boliti inayoshika gurudumu) inavutika bila wewe kujua. Mteja anafika Iganga, stadi mbili zimekatika.

Fundi_wa_Arua:

Salaam kutoka Arua. Huku Land Cruiser na Hilux ndizo mkate wetu, kwa hiyo 54 ninayo na naipenda. Wewe usiinunue kwa ajili ya gan.

Nati ile ya habu haikazwi kwa nguvu, inakazwa kwa kipimo. Unakaza, unazungusha habu beringi zikae, unalegeza, unakaza tena kidogo, halafu unavuta habu kwa mizani ya springi uone uzito wa kuizungusha. Ukiipiga gan beringi inaungua, na nati yenyewe ni nyembamba, pembe zake zinaliwa upesi. Kwa hiyo 54 ni ya mkono. Ya bei rahisi inatosha. Mimi yangu ya kwanza nilitengenezewa Katwe, bomba lililochongwa na kuchomelewa, ikanifanyia kazi miaka minne. Ila ya kuchomelewa usiiweke kwenye gan hata siku moja.

Pesa ya 54 iweke kwenye 30 na 32 nyeusi, zile ndefu. 30 kwa Toyota ndogo nyingi, 32 kwa Subaru. Nati za namna hiyo ndizo zilizokuumizia mtu. Na kabla ya gan kugusa nati ya draivu shafti, inyanyue kwanza kwa tindo ile midomo ya nati iliyogongwa ndani ya mfereji wa shafti. Wengi wanairuka hatua hii, gan inang'ang'ana, uzi unakwaruzika, halafu soketi ndiyo inayolaumiwa.

dereva_fundi_Malaba:

Umesema Canter. Basi kuna moja ambayo muuzaji wako hakuitaja: 41 kwa 21. Magurudumu ya nyuma ya malori ya Kijapani ya zamani yana nati mbili, ya nje ni 41 ya pembe sita, ya ndani ina kichwa cha mraba cha 21. Soketi hiyo ina upande wa kila moja. Nunua ya mraba wa robo tatu au inchi moja na mpini mrefu. Usiibebeshe gan yako ya nusu inchi kupitia adapta, maana adapta ndipo panapovunjika.

Mwambie kijana wako pia kwamba nati za upande wa kushoto wa malori hayo zinafunguka kinyume. Nimeona stadi nzima zikikatwa hapa foleni ya mpakani kwa kutolijua hilo.

Gereji_ya_Mwambani:

Asanteni sana, nimeandika yote. Mawili yamebaki. Ile nzito ya puli, na nitajuaje nyeusi ya kweli? Kisekka niliona seti mbili zimefanana, bei moja nusu ya nyingine.

Honda_peke_yake_Kampala:

Ile nzito nijibu mimi. Ina duara kubwa la chuma limeizunguka. Uzito ule unafanya pigo la gan lifike kwenye boliti badala ya kupotea njiani. Ekstensheni ndefu (kiungo cha kurefusha soketi) inafanya kinyume, inajipinda kama springi na kumeza pigo. Boliti ya puli ya Honda inayotumia 19 ni kaidi kupita kiasi, na mimi bila soketi hiyo siku ingeisha. Lakini kwenye orodha yako sijaona Honda. Toyota zako mara nyingi zitafunguka kwa 19 au 22 nyeusi ya kawaida. Siku Honda ikija, njoo uazime.

Zenye shingo ya kupinda ziache. Zinapoteza nguvu na ndizo za kwanza kulegea.

Mzee_wa_Spana:

Kuhusu kutambua: angalia nyuma, kwenye tundu la mraba. Ya gan ina tundu dogo linalotoboa ukuta, na mfereji unaoizunguka, ili upitishe pini na kuifunga kwa pete ya mpira isichomoke. Angalia unene wa ukuta kwenye pembe. Kwangua kidogo kwa ncha ya bisibisi: rangi ya kupakwa inabanduka kama ganda, weusi wa kiwandani haubanduki. Maandishi ya Cr-Mo (kromu na molibdeni) ni dalili nzuri, lakini wapo wanaotengeneza za gan kwa Cr-V (kromu na vanadi) pia, na chapa yoyote inaweza kugongwa, kwa hiyo usitegemee maandishi peke yake. Iingize kwenye gan palepale dukani. Ikicheza mkononi, irudishe.

Gereji_ya_Mwambani:

Nimerudi jana jioni. Nimechukua 17, 19 na 21 nyembamba zenye plastiki, 14, 19 na 22 ndefu za kawaida, 30 na 32 ndefu, ekstensheni moja fupi nyeusi, pini na pete za akiba. Laki mbili na themanini. Kilichobaki nimegawa: miwani miwili ya kazi, na elfu tisini ni ya shule. 41 kwa 21 nitaitafuta mwezi ujao, mpaka hapo Canter tunafungua kwa mkono na mpini mrefu.

Zile za kromu nimezirudisha kwenye sanduku la racheti. Leo asubuhi kijana amekuja na plasta usoni, amevaa miwani kabla sijamwambia, tukainyanyua midomo ya nati kwa tindo, na Forester ile ile imefunguka kwa mapigo machache. 32 nimeigeuza kwenye mwanga baadaye, pembe zote ziko vilevile.

@Fundi_wa_Arua, yule wa Katwe aliyekutengenezea 54 bado yupo? Kuna Hilux imeingia mchana huu.

Fundi_wa_Arua:

Yupo. Nakutumia njia ya kumpata kwenye ujumbe wa siri. Mpelekee na nati yenyewe mkononi, asipime kwa macho.