Naomba ushauri: naona misalaba miwili angani, wa kweli ni upi?

Habari zenu wakuu. Nipo kijijini huku Singida, giza safi kabisa, nimeanza kujifunza nyota mwezi huu wa Mei. Kilimia, lile kundi dogo la nyota, nilionyeshwa na babu zamani, ila sasa hakionekani. Kinachonitesa ni Msalaba wa Kusini: saa mbili usiku naona misalaba miwili! Mmoja mdogo, unang'aa. Mwingine mkubwa, umefifia, uko zaidi upande wa magharibi. Nimejaribu programu ya simu, dira yake inazungukazunguka tu. Nimeazima darubini ya macho mawili, 10x50 (inakuza mara 10, lenzi za mbele milimita 50), lakini mikono inatetemeka, nyota zinacheza ngoma.

Msalaba wa kweli nautambuaje bila simu? Na darubini hii naituliza vipi, au lazima ninunue stendi?